Nerida Quilty na Friji Iliyogoma

Sogeeni, enyi mnaofungua friji, mkatoa maziwa, mkaufunga mlango kwa kisigino bila kumshukuru mtu. Tulieni nanyi mnaoujua uchungu wa siagi iliyogeuka mafuta kabla ya saa tatu asubuhi. Nitawasimulia habari za Nerida binti Quilty, Mshika Sururu, Mjane wa Shimo la Saba, ambaye katika Januari ya joto kuu, kwenye machimbo ya vito vya opali ya Uwanda wa Kenge, mahali pasipofika nguzo ya umeme wala ahadi yake, alipigana na friji siku mbili na nusu.

Vita vilitangazwa Jumatatu, juu ya lundo la kifusi, maana hapo tu ndipo simu hushika. Aliyevitangaza ni Glenys, mdogo wake wa tumbo moja, akaaye mjini Dubbo chini ya kiyoyozi.

"Dada, una miaka sabini na mbili," akasema Glenys. "Unaishi kwenye kibanda cha bati, unakunywa maji ya uvuguvugu kama ng'ombe. Huku kuna chumba kinakungoja. Alhamisi nakuja kukuchukua."

"Njoo kula. Kuchukuliwa, hapana."

"Nile nini huko? Mkate wa moto na jamu ya moto?"

"Jeli," akasema Nerida, naye mwenyewe hakujua neno hilo limetoka wapi. "Nyekundu. Imeganda. Na krimu juu."



"Nikila jeli iliyoganda mezani kwako mwezi huu wa Januari," akanena Glenys, "sitakutajia Dubbo tena mpaka nizikwe."

Nerida akashuka kifusini kwa hatua za jemadari, akaingia kibandani kuikagua silaha yake. Ilikuwa friji ya gesi, nyeupe hapo zamani, aliyoileta marehemu mumewe Col juu ya trela. Mwali wa buluu uletao baridi yake ulikuwa ukiwaka chini yake kwa utiifu kama kawaida. Lakini ndani mlikuwa na joto la kwapani. Siagi ilikuwa imesalimu amri, na maziwa yamegawanyika makundi mawili yasiyosikilizana.

Akamwita jirani yake, Ante Mkroeshia, Mvunja Miamba, ambaye mgongo wake ulikuwa umekwisha kuangukiwa na mashimo matatu. Ante akapiga magoti, akagusa mabomba ya nyuma, akafikiri, kisha akatoa hukumu.

"Haijafa hii. Imezubaa tu. Dawa yake ya kuleta baridi imekwama mabombani kwa kusimama miaka yote mahali pamoja. Hata mimi ningekwama. Tiba yake ni moja: tuigeuze kichwa chini, miguu juu, ikae hivyo mpaka ikumbuke kazi yake."

"Itapona?"

"Ya marehemu mjomba wangu ilipona. Mjomba ndiye hakupona." Akajikuna kidevu. "Au nisikilize. Niende mjini, kilomita tisini tu, ninunue mifuko miwili ya barafu. Jeli tuigandishe kwenye kasha. Glenys atajuaje?"

Ndipo Nerida aliposimama wima, kofia ya turubai kichwani, akatoa hotuba ambayo machimbo yale hayajapata kuisikia mfano wake, ingawa msikilizaji alikuwa mmoja.

"Ante, nimechimba futi sitini kwa mikono hii. Nimemzika Col nikarudi kazini Jumatatu yake. Nikishinda kwa barafu ya dukani, kila nikimtazama mdogo wangu nitajua kwamba alikuwa na haki ya kunichukua. Sitamlisha uongo kwa kijiko."

"Ni jeli, Nerida."

"Shika huko chini."

Jumanne, jua halijachomoza, wakafunga mtungi wa gesi, wakaifungua mipira yake, wakamkabili adui. Friji ikaegemea upande wa mlango, ikaegemea upande wa Ante, ikatulia kidogo juu ya goti lake, naye akataja kwa Kikroeshia watakatifu kadhaa katika mazingira yasiyowastahili. Miaka mia moja na hamsini na miwili, ukiijumlisha ya wote wawili, ikahema, ikasukuma, ikahema tena. Hatimaye mnyama yule akasimama kwa kichwa, miguu yake minne ikielekea mbinguni.

"Tukae?" akauliza Ante.

"Tukae."

Wakakaa mpaka alasiri, wakinywa chai. Kisha wakaisimamisha tena, wakaiacha ipumzike.

Jumatano ukaja mtihani wa pili, wenye hila kuliko ule wa kwanza, kwani friji ya namna ile haileti baridi isipokaa sawasawa, nayo sakafu ya Nerida ni udongo uliokwenda utakako. Wakaweka pimamaji juu yake. Kiputo cha hewa kikakimbilia kushoto. Wakasukuma kibao chini ya mguu, kikakimbilia kulia. Karata zikawa laini mno, kipande cha bati kikawa chembamba mno. Kilihitajika kitu kigumu, chenye unene wa ukucha wa dole gumba.

Nerida akaenda kwenye kopo la chai lililo rafuni, akatoa opali bapa yenye mshipa wa kijani, jiwe pekee la maana alilopata mwaka ule, akalichomeka chini ya mguu wa nyuma.

Ante akafumba macho. "Hilo lingekununulia mtambo mzima wa sola."

"Tazama kiputo."

Kiputo kilikuwa katikati, hakitikisiki.

Wakawasha. Kufikia jioni Nerida alipoingiza shavu lake ndani ya friji alikuta ubaridi kama pumzi ya kisima. Akalibakiza shavu mle muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa uchunguzi. Kisha akachemsha maji, akakoroga jeli, akaiingiza pamoja na krimu na chupa nne za bia za Ante.

Alhamisi mchana, digrii arobaini na sita, Glenys akateremka garini akiwa na sanduku tupu la kutilia nguo za dada yake. Akaketi. Bakuli likawekwa mbele yake. Akaligonga kwa kijiko, na jeli ikatetemeka yote kwa pamoja, kama jeshi linalopiga saluti. Akala kijiko cha kwanza, akala cha pili, akamaliza bakuli. Ante akafungua bia taratibu sana.

"Haya," akasema Glenys. Akakisukuma kijiko kando. "Nilishakipaka rangi kile chumba."

"Rangi gani?"

"Ya maziwa. Nyumba ni kubwa, Dada. Naongea na redio."

Nerida, ambaye hakuyumba mbele ya friji, akayumba hapo. Akamwekea mdogo wake jeli nyingine.

"Julai huku kuna baridi, shimo linaweza kungoja. Nitakuja wiki moja."

"Mbili."

"Moja na nusu. Na wewe urudi hapa Pasaka, ulete krimu, hii imekwisha."

Ante, kwa kuwa kila ushindi hutaka mwandishi wake, akachukua penseli ya seremala, akaandika ubavuni mwa friji kwa herufi kubwa, ili vizazi vijavyo vya Uwanda wa Kenge visije vikabishana: ALHAMISI, JANUARI 16. ILIGANDA.