Jalada Lililonizika

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Wazo limenijia nikiwa napiga mswaki. Jarida langu, Wachapakazi, linatimiza miaka mitano mwezi huu. Kila toleo humweka mtu mmoja jaladani na kusimulia maisha na kazi yake. Tumemweka mkunga, tumemweka fundi viatu, tumemweka hata mzibua mifereji. Mchapishaji mwenyewe, hata siku moja! Nimeona hiyo ni dhuluma. Toleo la Juni ni mimi.

Nukta ataliona na chai itampalia. Nukta alikuwa mpanga kurasa wangu, tukampa jina hilo kwa sababu hawezi kupita sentensi isiyo na nukta bila kuugua. Miaka mitatu iliyopita aliondoka bila kuaga, akaanzisha jarida lake ng'ambo ya barabara. Dirisha lake linatazamana na langu. Amenunua pazia jipya. Najua ni la kunikomoa.

Nimemwomba mke wangu aandike makala, maana mtu akijisifu mwenyewe haaminiki. Yeye ni mwalimu wa historia. Amekubali kwa sharti kwamba nisiguse hata neno. Nimeahidi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Makala imekamilika. Nimegusa maneno mawili tu, "mashuhuri" na "mno".

Kazi nzuri, ila ana mkono mkali. Kataja jarida langu la kwanza, la wafuga nyuki, ambalo lilitoka mara nne kabla sijagundua kuwa mji huu una wafuga nyuki wawili na mmoja hajui kusoma. Kataja la baiskeli pia. Yote kayaandika kama anavyoandika historia: "Alikuwa mtu wa mawazo mengi. Hakukata tamaa, hata pale ilipofaa." Nimeyapenda hayo "alikuwa". Yana uzito.

Jioni kwa mpiga chapa. Mashine yake ya rangi imegoma, iliyobaki ni ya nyeusi na nyeupe. Nimesema afadhali, ndiyo heshima. Naye akashauri tuzungushie picha yangu fremu nyeusi, isionekane iko uchi. Mtu mwenye jicho. Chini ya jina nilitaka mwaka niliozaliwa na maneno "hadi leo", lakini nafasi haikutosha, akaweka kistari na mwaka huu. Nimetia sahihi. Miwani niliisahau nyumbani.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Jarida limetoka! Saa nne asubuhi muuza magazeti wa kona ametuma ujumbe: nakala zimekwisha, aongezwe, na pole sana. Nimejibu kwamba nimeshapoa, hii ndiyo kazi tuliyoizoea.

Saa tano mke wangu kapiga simu kutoka shuleni. Walimu wamemzunguka. Wamemletea kiti, maji na kitambaa cha kufutia machozi. Mwalimu mkuu kampa ruhusa ya wiki nzima. Amewaambia mimi ni mzima na asubuhi tu nimemaliza mkate wote. Wakamshika mkono, wakasema mshtuko ndivyo ulivyo.

Nikavaa miwani, nikatazama jalada. Kweli. Nimekufa.

Nilikwenda mlangoni kuwatangazia watu, mkono uko kwenye kitasa, simu ikalia tena. Muuza magazeti wa kituo cha basi, naye anataka nyongeza. Nikakiachia kitasa.

Nimemwomba mke wangu tunyamaze hadi Jumatatu. Amekataa katakata, hatasema uongo hata wa neno moja. Nikamwambia aseme kweli tupu, hakuna atakayemwamini.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimeingia stoo ya karatasi tangu asubuhi, nimekaa juu ya rimu za karatasi, jicho kwenye tundu la ufunguo, daftari pajani. Rambirambi hizi zitajaza kurasa nne za toleo lijalo.

Watu wamekuja ofisini kwa wingi. Kila mmoja anamuuliza mke wangu anaendeleaje, naye anamjibu waziwazi kwamba niko stoo. Mama mmoja kamkumbatia na kusema ndiyo mwanangu, wapendwa wetu hubaki katika vyumba walivyovipenda. Mke wangu kajibu kwamba huyu amebaki na sahani ya wali. Mama akalia zaidi.

Kinyozi amesema nilikuwa mkarimu. Nimeandika. Jirani wa ghorofa ya juu amesema nilikuwa naongea sana. Sikuandika.

Kisha akaingia Nukta. Nikakaa sawa. Nilijua amekuja kufurahi, nikanoa penseli. Akasimama mbele ya meza yake ya zamani, akaipitishia mkono.

"Shemeji," akasema, "huyu ndiye aliyenifundisha kupanga ukurasa. Niliona aibu kumuaga, nikaondoka kama mwizi. Kila toleo langu likitoka, kabla sijafurahi, najiuliza kwanza yeye angesemaje."

Ningesema pambizo zake ni nyembamba. Nilimsoma kila mwezi, jalada hadi jalada, kalamu nyekundu mkononi. Penseli iliniponyoka.

Nilikuwa bado naitafuta sakafuni nikasikia sauti nyingine. Dada yangu mkubwa. Huyu ndiye aliyenilea. Hatujasemezana miaka miwili, tangu nilipotumia picha yake, bila kumwomba, kwenye makala iliyoitwa "Uzee si Mwisho". Alikuwa na miaka hamsini na sita. Leo amesafiri tangu alfajiri, begi mkononi.

Hakulia. Alimuuliza mke wangu pasi iko wapi.

"Nipe mashati yake, wifi. Yule tangu mtoto anatembea amejikunjakunja. Sitakubali aende hivyo."

Mke wangu akautazama mlango wa stoo. Nami nikaona siwezi tena. Nikafungua.

Nukta alikaa chini pale pale aliposimama. Dada yangu hakusogea. Alinitazama kuanzia nywele hadi kandambili, polepole, kama mtu anayehesabu kama vyote vipo.

"Wewe mtoto, hilo shati umelilalia?"

Nikasema ndiyo, dada.

"Livue."

Mke wangu akaazima pasi ghorofa ya juu, naye dada akalipiga mezani kwangu, juu ya gazeti. Alipomaliza akanivalisha mwenyewe, akafunga vifungo vyote, halafu akanipiga kofi la bega ambalo bado nalisikia. Ndipo akalia. Nami nikalia. Nukta alikuwa ameshaanza zamani.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Tumekula wote nyumbani kwangu. Nukta kalipitia jalada na kukuta makosa kumi na moja, mbali na kifo. Tumebishana kuhusu mkato mmoja hadi chakula kikapoa. Sijafurahi hivi miaka mingi. Nilimwambia kuhusu pambizo, akashukuru.

Dada amenisamehe, ila anataka umri wake wa kweli uchapwe, kwa herufi kubwa. Anakaa hadi mwisho wa mwezi.

Mke wangu ameniapisha mbele yao: hakuna hila tena. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Tangazo la kurekebisha limekwenda kwa mpiga chapa: "Mchapishaji yu hai, anaomba radhi." Mpiga chapa ameomba radhi yeye pia, kwa ajili ya kistari.

Tukiwa tunangoja wino ukauke, nikamsimulia yale niliyoyasikia pale stoo. Akasema yeye amepiga chapa miaka thelathini na hajui watu wanamwonaje.

Fikiria! Ni watu wangapi mjini humu wanatamani kusikia maneno hayo wakiwa bado na masikio? Hii si hila, hii ni huduma. Jarida jipya, Buriani Mapema. Nimeshachora jalada.

Mpiga chapa amekubali kuwa wa kwanza, tunatoka Ijumaa. Tumeafikiana mkewe asiambiwe, ili rambirambi ziwe za kweli.