Bia Chini ya Paa la Bi Noreen

Kelvin Dargan alipoona boti la Bi Noreen limekwama mlangoni mwa ghala jipya kwa sababu ya vyuma vya mshazari vinavyoshikilia nguzo, alimeza mate. Riziki hiyo! Ghala la yule mama mkulima wa nyanya pale mji wa pwani wa Bowen yeye ndiye aliyeliuza na kulisimamisha, na tayari alikuwa na mteja mwingine anayetaka vyuma kama vile.

"Mama, hivyo ni vya kusimamishia ghala tu," alisema kwa sauti ya mchungaji. "Ni magongo. Mgonjwa akishapona, magongo yanarudi hospitali."

"Boti litaingia?"

"Litaingia likicheza! Na bei nakupunguzia, vyuma nachukua mimi."

Bi Noreen hajakataa punguzo tangu azaliwe. "Haya, fungua. Kesho alasiri uje na mafundi wako, bia za paa juu yangu."

Mila ni mila: paa likikamilika, mwenye jengo huwanywesha mafundi chini yake, na fundi anayekataa ana lake jambo. Kelvin akavifungua vyuma, na kesho yake akaja na mafundi, vyuma bado vikiwa garini. Bi Noreen akaliingiza gari ghalani lipate kivuli, kisha akaegesha trekta nyuma yake.

Sasa, nguzo zile nyembamba zilipigiwa hesabu zikidhaniwa zimeshikwa katikati na vyuma vile. Ukiondoa kishikio, nguzo inabaki fimbo ndefu yenye mzigo kichwani, na fimbo ya namna hiyo hupinda bila kuomba ruhusa. Kelvin alilijua hilo vizuri sana, maskini wa Mungu.

Upepo wa bahari ukaingia. Paa likalia kriii. Nguzo moja ikaitikia.

"Mbona hunywi, kijana?"

"Tukanywee nje, mama."

"Na jua lote hili? Kaa!"

Kriii! Kelvin akatazama nguzo, akatazama gari lake jipya, akatupa chupa, akachomoa vyuma garini. Akapanda ngazi na spana mkononi, jasho likimtoka hadi masikioni.

"We Kelvin, si mgonjwa amepona?" akauliza Bi Noreen.

"Ugonjwa umemrudia! Nipeni bolti, jamani, mtakufa!"

Chuma cha mwisho kilipokazwa, ghala likanyamaza. Kelvin akashuka.

"Mama, kumbe unajua mambo ya nguzo?"

"Mimi najua nyanya," alisema Bi Noreen, akimfungulia chupa nyingine. "Ila upepo huu huja kila alasiri, nikataka nikuone unavyokunywa chini ya kitu ulichoniuzia. Kunywa, baba. Na punguzo langu liko palepale."