Kiroboto na Waraka wa Ukubwa wa Chombo

Haya alinisimulia mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, Jumapili iliyopita baada ya chakula cha mchana, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Alipoharakisha nilimrudisha nyuma, akaanza upya. Na ile sehemu ya Kamati niliiona kwa macho yangu mlangoni pangu, kwa hiyo chumvi sikuongeza.

Ifahamike kwanza kwamba Idara anayofanyia kazi mjukuu wangu ilitoa tangazo kubwa. Lilibandikwa langoni, kwenye ubao, kwenye mlango wa choo na kwenye birika la chai: kuanzia sasa, hadhi ya kila mtumishi itapimwa kwa ukubwa wa chombo alichojia kazini. Ni jambo la busara. Zamani walikuwa wanapima kwa kazi aliyoifanya mtu, wakawa wanatafuta siku nzima na wasione kitu.

Mjukuu wangu ni tarishi, anapeleka barua za Idara. Alikuwa anamalizia miezi sita ya majaribio, na Ijumaa ile Mkurugenzi ndiye wa kuamua: amtilie saini athibitishwe kazini, au ampe mkono wa kwaheri. Idara ilikuwa imemkabidhi pikipiki kubwa, watumishi wanaiita Dume. Dume alinunuliwa kwa ajili ya misafara ya wakubwa. Mjukuu wangu urefu ameurithi kwangu, yaani hakuurithi. Akikaa juu ya Dume miguu inaning'inia kama nguo kambani. Akitaka kusimama lazima apate cha kushika: ukuta, mti, siku moja bega la askari wa barabarani.

"Samahani, afande. Taa ikiwaka kijani nakuachia."

Mara tatu Dume alimlalia mguu. Mara ya tatu goti likavimba likawa kama boga.

Basi shangazi yake, msusi, akamwazima skuta ndogo ya rangi ya limau bivu, iliyokuwa imefunikwa turubai nyuma ya saluni. Mtaa mzima unaiita Kiroboto. Juu ya Kiroboto miguu yote miwili inafika chini, na foleni anaipita kama maji kwenye kokoto. Barua zilizokuwa zinafika siku ya tatu zikaanza kufika siku hiyo hiyo. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana watu walioandikiwa wakaanza kujibu.

Mkurugenzi wanamwita Bwana Waraka, kwa sababu hata akipiga chafya hutoa waraka. Asubuhi moja alichungulia dirishani akamwona mjukuu wangu anaingia na Kiroboto, nyuma amempakia mama anayewachemshia chai. Akamwita.

"Binti, kile ni nini?"

"Skuta, Mheshimiwa."

"Nimeona. Nauliza, barua ya Idara yenye mihuri miwili inapandaje kitu kama kile?"

"Inakaa mkobani, Mheshimiwa."

"Na mama wa chai?"

"Yeye anakaa nyuma."

Bwana Waraka akaunda Kamati ya Kuchunguza Udogo.

Kamati ilikuja kwangu Jumatano, watu saba wazima, kukagua mahali Kiroboto anapolala, maana usiku alikuwa analazwa kwangu. Gari lao likakwama mdomoni mwa kichochoro. Kutembea hatua mia mbili hakukuwezekana, kwa kuwa ilikuwa safari ya kikazi, na safari ya kikazi ni lazima iwe na chombo. Basi mjukuu wangu akawaleta na Kiroboto, mmoja mmoja. Mwenyekiti, mwenye mwili wa kutosha watu wawili, akaja mwisho. Akatoa futi ya fundi cherehani, akapima Kiroboto mbele na nyuma, akatangaza kwamba chombo hicho hakifai kubeba kitu chenye uzito.

Nikamwuliza, "Baba, si ndicho kilichokubeba sasa hivi?"

"Hapana, mama. Sisi hatukubebwa. Tulisafirishwa."

Nikamshukuru kwa kunielewesha. Kisha mjukuu wangu akawarudisha, mmoja mmoja.

Kesho yake ukatoka Waraka wa Ukubwa wa Chombo. Kifungu cha kwanza ni kile cha hadhi. Cha pili: Mkurugenzi asipokuwepo, mwenye chombo kikubwa kuliko vyote uani ndiye atakayeongoza. Cha tatu kilitungwa kwa ajili ya mama wa chai: anayepakiwa nyuma ya skuta si abiria bali ni mzigo, ataandikwa kwenye daftari la mizigo, atawekwa masijala pamoja na majalada, na hatatoka humo bila saini ya Mkurugenzi. Mama wa chai akaapa kuja kwa miguu. Chai ya Ijumaa ikaiva saa sita.

Mjukuu wangu akaambiwa, "Kesho njoo na Dume, au usije."

Alikuja kwangu analia. "Bibi, nikipanda Dume nitavunjika. Nisipompanda nitafukuzwa."

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "kazi hutafutwa kwa miguu. Ukishaivunja hiyo miguu, kazi nyingine utaitafuta kwa kitu gani?"

Ijumaa akatoka na Kiroboto.

Siku hiyo Katibu Mkuu, mkubwa wa wakubwa wote, alikuwa anakuja kukagua Idara saa tatu kamili. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha, na darajani magari yamefungana hata kuku hapiti. Katikati ya foleni lilikuwa limesimama gari la Bwana Waraka, refu kama kanisa. Kiroboto akapita ubavuni, tii tii tii. Kioo kikashuka.

"Binti! Simama! Nipakie!"

"Mheshimiwa, lakini waraka unasema..."

"Waraka ni wa nani?"

"Wako."

"Basi sogea mbele!"

Akapanda, mkoba kaukumbatia kifuani, viatu vikiburuzika lami. Wakafika langoni saa tatu kasoro dakika kumi. Mlinzi akatoka na waraka wake, kaufunga ndani ya mfuko wa plastiki usilowe.

"Karibu, tarishi. Umeleta nini leo?"

"Nimemleta Mkurugenzi."

"Kakaa mbele au nyuma?"

"Huoni niko nyuma?" Bwana Waraka akafoka. "Fungua geti!"

"Nyuma ya skuta. Basi ni mzigo. Kifungu cha tatu."

"Wewe! Kifungu cha tatu nimekiandika mimi!"

"Na umekiandika vizuri, Mheshimiwa. Nyaraka zako za nyuma zote zilinishinda, lakini huu hata mke wangu ameuelewa."

Akafungua daftari la mizigo, akaandika: Mkurugenzi mmoja. Amelowa kidogo. Hajavunjika. Mjukuu wangu akatia saini kwamba amemfikisha.

Masijala iko chini ya ngazi, na karani wake ni mwanamke ambaye kwa miaka thelathini hajapoteza hata kipande cha karatasi. Akasoma daftari, akapuliza muhuri, akaugonga kwenye tai ya Bwana Waraka: IMEPOKELEWA.

"Lete kalamu nitie saini nitoke," Bwana Waraka akasema.

"Mzigo hautii saini, Mheshimiwa. Tukiruhusu mizigo ijisainie, kesho barua zitajijibu zenyewe."

Akamkalisha kwenye rafu ya Yanayosubiri, akafunga mlango kama anavyofunga siku zote, ufunguo akautundika shingoni.

Saa tatu kamili Katibu Mkuu akaingia. "Mkurugenzi wenu yuko wapi?"

"Yupo," karani akajibu. "Amepokelewa vizuri, yuko rafuni."

"Nani wa kumtoa?"

"Mkurugenzi."

Katibu Mkuu akausoma waraka mara mbili. Akasema utaratibu ni utaratibu, na kwamba hajawahi kuona Idara inayotii nyaraka zake kiasi hiki. "Sasa, nani anaongoza?"

Wakachungulia uani. Lilikuwepo gari la Katibu Mkuu mwenyewe, kubwa tu, lakini pembeni yake limesimama lori la taka, matairi kumi, ambalo huja kila Ijumaa. Dereva wake akapandishwa juu na mabuti yake, akakalishwa kwenye kiti cha Mkurugenzi.

"Fanyeni haraka, jamani. Nimeacha injini inawaka."

Wakamwekea mbele jalada la mjukuu wangu.

"Huyu kakosa nini?"

"Anakuja na chombo kidogo," akasema mwenyekiti wa Kamati.

"Barua zinafika?"

"Zinafika. Tena siku hiyo hiyo."

"Sasa mnataka aje na nini, na meli?"

Akatia saini kubwa kama dirisha. Mjukuu wangu akawa mtumishi kamili, na Kiroboto akaandikwa kuwa chombo halali cha Idara.

Karani akakohoa. "Kuna na mzigo mmoja masijala, nao unasubiri saini."

"Ni wa kutupa?"

"Hapana, ni wa kusubiri."

"Basi huo si wangu. Mimi nabeba wa kutupa tu." Akashuka akaondoka na lori lake. Katibu Mkuu naye akaandika kwamba ameridhika, akaenda zake.

Gari la Mkurugenzi lilijinasua kwenye foleni saa nane mchana, na kwa ukubwa wake dereva ndiye akawa kiongozi. Karani akamletea daftari. Dereva akasema ameshika usukani tangu alfajiri, na kwa miaka tisa kila akiomba ruhusa hujibiwa "subiri kwanza". Kwa hiyo akasema kwanza wasubiri. Akaegemea kiti kile cha ngozi, akavua viatu, akalala.

Kule chini ya ngazi, Bwana Waraka alibisha mlango mara tatu. Karani akamjibu kwa upole kwamba suala lake linashughulikiwa. Basi akajinyoosha rafuni, akavuta mafungu ya barua za malalamiko ya wananchi, ambazo hakuwahi kufungua hata moja, akaziweka chini ya kichwa. Zilikuwa nyingi, mto ukawa mzuri. Naye akalala.