Adelheid Anataka Nyuzi Thelathini na Mbili

Jumatatu, 14 Januari

Amefika! Chatu jike, mita moja na ushee, rangi ya chokoleti yenye madoa ya asali. Jina lake Adelheid. Aliachwa ndani ya sanduku nyuma ya kituo cha treni cha Reutlingen, katikati ya baridi hii. Watu wengine hawana haya kabisa.

Daktari Mauch wa kituo cha kuhifadhi wanyama amenipa kwa majaribio tu. Jumapili saa nane mchana atakuja na kipimajoto chake mwenyewe. Sanduku la kioo likiwa na joto sahihi, Adelheid ni wangu. Lisipokuwa nalo, atahamia ghorofa ya juu kwa Bwana Rapp, wa pili kwenye orodha. Rapp! Ana nyoka watatu tayari, kila mmoja na kibao cha jina. Wa nne wa nini?

Nimepewa na karatasi ya maelekezo. Upande mmoja wa sanduku nyuzi 32, upande wa pili 26, na lazima kuwe na kidhibiti joto cha kuwasha na kuzima mitambo chenyewe. Nilicheka. Mimi, Eugen Stotz, nimefunga mitambo ya kupasha joto nyumba kwa miaka thelathini na minane. Leo nafundishwa joto kwa karatasi!

Rapp alinikuta ngazini, akasema ana kidhibiti cha akiba, nichukue tu. Nikamwambia asante, fundi haazimi vyombo vya wanafunzi.

Mke wangu Irmgard ana sharti moja tu. Madirisha yataendelea kufunguliwa kama kawaida: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Yote, wazi kabisa, dakika kumi. Kuwe na nyoka, kusiwe na nyoka.

Jumanne, 15 Januari

Mpango wa kwanza: taa. Nina katoni nzima ya zile balbu za zamani za wati mia, nilizozificha darini zilipopigwa marufuku kwa kula umeme mwingi. Nimefunga moja katikati ya kifuniko. Joto: nyuzi 29 pande zote. Katikati kabisa ya 26 na 32! Hesabu safi.

Nimekaa kwenye kigoda saa mbili nzima namtazama. Ajabu ya kiumbe. Kwanza aliingia kwenye bakuli la maji. Kisha akatoka, akanusa kila kona kwa ulimi, akarudi alikotoka, akanusa tena. Kuna kitu anakitafuta, na mimi ningependa sana kujua ni nini.

Rapp alibisha hodi, ati kuazima koleo. Akachungulia, akacheka puani. Ati nyoka hana jiko tumboni kama sisi, joto lake hulifuata kwa kutembea: akisikia baridi anaenda huku, akitosheka anarudi kule. "Wewe umempa chumba kimoja chenye hali moja, Bwana Stotz. Atembee aende wapi?"

Nikampa koleo ili aondoke. Lakini neno lake limenikaa kichwani. Huko Togo kwa mababu zake Adelheid, nani huwapimia nyuzi? Nimezima taa nikiwa bado nawaza.

Jumatano, 16 Januari

Mpango wa pili. Pande mbili, sawa, lakini kwa njia yangu! Irmgard ana kile kimkeka cha umeme anachowekea mgongo. Nimekiteleza chini ya kioo, upande wa kushoto. Nikafukia kipimajoto kwenye magome ya miti niliyomtandikia. Nyuzi 44! Unaweza kukaangia yai. Nikatia kipande cha ubao katikati. 35. Vipande viwili. 32! Nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Dosari ndogo: kimkeka hujizima chenyewe kila baada ya dakika tisini, mgonjwa asije akaungua usingizini. Basi kila dakika tisini nabonyeza kitufe. Leo nimebonyeza mara tisa. Nilikatiza supu, nikakatiza taarifa ya habari, na nikakatiza simu ya dada yangu, jambo lisilonisikitisha.

Irmgard ameuliza mgongo wake utatumia nini. Nikasema Jumapili si mbali. Akasema mgongo haujui kalenda.

Alhamisi, 17 Januari

Nimeshinda!

Nimeshuka stoo ya chini na kupandisha kidhibiti joto cha nyumba cha mwaka 1974. Chuma kitupu! Nilikitoa kwa mteja aliyetaka cha kisasa, maskini. Nimeunganisha balbu mbili na jiko dogo la umeme. (Kimkeka kimerudi kwa Irmgard. Hakusema asante.)

Sasa, fundi yeyote wa kweli anajua sheria. Kidhibiti hakikai karibu na kinachopasha joto, kitadanganyika. Kinakaa ukutani, mita moja na nusu kutoka sakafuni. Basi jioni, madirisha yalipokwisha kufungwa, nimekifunga ukutani, mita moja na nusu, nimepima mara mbili. Msumari uliokuwapo ulikuwa kando ya dirisha. Nikapiga hesabu: chumba kikiwa na nyuzi 21, upande wa moto wa sanduku ni 32. Nikakiweka kwenye 21. Ukimya. Tik! Balbu zikazima. Tik! Zikawaka. Kwa saa tatu sindano ya kipimajoto haikuhama.

Adelheid amejilaza nusu huku, nusu kule. Anachagua! Nimemwita Rapp aje aone. Alitazama sanduku, akatazama ukuta, akatazama dirisha. Akaniuliza kama nina hakika. Wivu, hakuna kingine.

Ijumaa, 18 Januari

Siku mbaya. Naiandika kwa sababu shajara ni shajara.

Saa moja Irmgard alifungua madirisha. Nje kulikuwa na nyuzi nane chini ya sifuri. Mimi nilikuwa nanyoa ndevu. Upepo ukakipiga kidhibiti usoni, kikadhani nyumba nzima inaganda, kikawasha kila kitu. Madirisha yalipofungwa, ukuta ulikuwa bado barafu, nacho kikaendelea tu. Nilitoka bafuni na povu shavuni. Sanduku lilikuwa nyuzi 41. Adelheid amejibana juu kabisa chini ya kifuniko, mdomo wazi.

Nilimtoa kwa mikono miwili nikamkumbatia. Niliogopa, nakiri. Nimeshika mitambo ya mvuke ya viwanda bila kuogopa hivyo. Baada ya robo saa alifunga mdomo, akaingiza kichwa chake ndani ya mkono wa sweta yangu, akatulia. Sikusogea hata kidogo hadi kahawa ikapoa.

Kisha nikaenda kwa Irmgard na kumwomba kwa upole tuache kufungua madirisha hadi Jumapili. "Eugen," akasema, "madirisha haya nayafungua tangu tulipooana. Mama mkwe alipokuwa kitandani na homa niliyafungua. Huyo mgeni hajamaliza hata wiki." Yakaisha hapo.

Suluhisho: nimekivisha kidhibiti soksi ya sufu. Sasa baridi haitakifikia.

Jumamosi, 19 Januari

Baridi haikukifikia kidhibiti. Habari yoyote haikukifikia. Ndani ya soksi ni majira ya joto mwaka mzima. Asubuhi sanduku lilikuwa nyuzi 19.

Na Adelheid hayumo!

Waya zangu zilinyanyua kifuniko upana wa vidole viwili. Sikuona kuwa ni tatizo.

Nimesaka kwa akili ya fundi. Nyoka anatafuta nyuzi 32, basi nitafute nyuzi 32 kabla yake. Nimetembea na kipimajoto kona zote na kuchora ramani ya joto ya nyumba. Inavutia mno! Miaka thelathini humu ndani, sikujua kuwa juu ya kabati la vitabu ni 24 na upande wangu wa kochi ni 18, ilhali upande wa Irmgard ni 21. Nyuma ya friji: 33! Hayupo. Chini ya jiko: hayupo. Nimeshuka hadi chumba cha tanuri la jengo. Hayupo.

Rapp alinikuta nimelala kifudifudi ngazini, tochi mkononi. Kibao cha zamu ya kufagia ngazi kiko mlangoni kwetu wiki hii, kwa hiyo nikamwambia nakagua vumbi. Akasema hajawahi kuona zamu inayofanywa kwa bidii hivyo. Akaongeza kwamba kesho atapita saa nane, na sanduku lake la kubebea, endapo litahitajika.

Irmgard hajui. Nimemwambia Adelheid amelala.

Jumapili, 20 Januari

Saa sita hajaonekana. Saa saba Irmgard amekanda unga wa mkate wa kusuka kwa ajili ya kahawa ya wageni. Kama alivyofundishwa na mama yake, akaufunika ndani ya bakuli na kuulaza kitandani uumuke, chini ya mfarishi wa manyoya, na chupa ya maji ya moto ubavuni. Mimi nikawa na kazi yangu. Mlangoni tuna lile gunia refu la kitambaa cha kahawia la kuziba upepo chini ya mlango, lililoshonwa kwa mfano wa mnyama. Nimelikunja ndani ya sanduku, nusu chini ya gome. Kwa mbali, chatu kabisa!

Saa nane kamili, kengele. Daktari Mauch, na nyuma yake Rapp na sanduku lake. Daktari aliinama akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba mnyama huyu ana kifungo cha shati mahali pa jicho.

Rapp aligeuka dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi nilitaka sakafu ipasuke. Nikasema ukweli wote: amepotea, kosa ni langu, nimemtafuta tangu jana na sijala.

Ndipo Irmgard, aliyekuwa amekwenda kutazama unga, akaita kutoka chumbani. Hakupiga kelele. "Eugen, njoo. Mwambie na daktari aje na kipimajoto."

Mfarishi umefunuliwa. Katikati ya kitanda, amelizunguka bakuli mara mbili, kidevu juu ya kitambaa kilichofunika unga: Adelheid. Daktari akapima kando ya chupa. 32. Akapima miguuni pa kitanda. 26! Akapima tena, maana hakuamini. Akamuuliza Irmgard ametumia mtambo gani. Irmgard akasema hamira ikizidi joto inakufa na ikipungua inalala, na yeye huishika katikati kwa kiganja. Kisha akanigeukia: "Ungeniuliza Jumatatu, Eugen."

Unga ulitupwa, bakuli likachemshwa, shuka zikavuliwa. Tulikunywa kahawa na biskuti za Krismasi zilizokwisha kukauka. Adelheid anabaki! Karatasi ya kumkabidhi imeandikwa jina la Irmgard, kwa sharti kwamba Rapp afunge kidhibiti chake leo leo na mimi nitazame bila kugusa. Jina, bila shaka, daktari amekosea kwa haraka zake.

Jumatatu, 21 Januari

Mafanikio ya mbinu yangu yamethibitishwa rasmi. Nimeiandikia klabu ya wafugaji nyoka nikijitolea kutoa mhadhara: "Joto la Kitanda, na E. Stotz."

Kidhibiti cha Rapp kimekaa kwenye 32 tangu jana. Hakipandi, hakishuki. Si kawaida. Kina nini ndani? Irmgard alipokwenda sokoni nilikifungua, kuangalia tu. Kibao kidogo cha kijani, hakuna cha maana. Nimekifunga tena. Skrubu mbili zimebaki, kiwanda kilizidisha.

Na kosa nimeligundua! Rapp ameingiza kile kichwa cha waya kinachopima joto ndani ya sanduku, karibu kabisa na taa. Mtu asiye na ufundi! Nimekitoa nikakifunga mahali pake, ukutani, mita moja na nusu kutoka sakafuni. Msumari bado ulikuwapo.

Saa sita kasoro dakika mbili. Irmgard amerudi. Nasikia anaelekea madirishani.