Intaneti Isiingie kwa Aliga

Jumatatu, 1 Septemba

Viktoria amehamishiwa Koboko. Mke wangu ni mkunga, na kituo cha afya cha huko kinamtaka kabla ya mwezi kuisha. Nimempongeza. Mimi naandika mabango ya maduka, na maduka yako kila mahali. Sina neno.

Kisha nikakumbuka intaneti. Mkataba wa miaka miwili, nao haujafika hata nusu. Nilitia sahihi wiki ile ile jirani yangu Aliga alipoleta televisheni pana kama mlango. Tunakaa ua mmoja hapa Awindiri. Watoto wote walihamia sebuleni kwake, na siku moja nikamkuta Viktoria huko, amekaa mkekani, anacheka. Kesho yake nikaleta waya. Tangu hapo mizani imekaa sawa: yeye ana televisheni, mimi nina intaneti. Neno la siri nalibadilisha kila Jumapili baada ya misa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekwenda ofisi ya kampuni mjini. Dada wa mapokezi, Sandra, ana sauti ya upole inayokataa kila kitu. Nikamweleza kwamba nahama. Akasema waya wao haujafika Koboko. Nikafurahi, nikasema basi tuagane. Akasema hapana: anayevunja mkataba kabla ya wakati analipa faini, au anamleta mtu wa ua ule ule aurithi. Faini aliyoitaja ndiyo pesa yote niliyoweka ya kujenga kibanda changu cha mabango huko Koboko.

Nikauliza kama hakuna njia ya tatu. Akasema ipo. Huduma ikiwa mbovu na fundi akathibitisha, mkataba unavunjwa bure.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 4 Septemba

Jana nililalamika kwa simu kwamba intaneti imekufa. Leo fundi amekuja, bwana mmoja mpole aitwaye Sulaimani. Kabla hajafika nilikifunika kisanduku cha intaneti kwa sufuria kubwa ya Viktoria, ile ya kusongea ugali. Juu ya sufuria nikatandika kitambaa cha meza, na juu ya kitambaa nikaweka picha ya arusi yetu. Simu ya fundi ikatafuta, ikatafuta. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Alikuwa ameshaanza kuandika.

Ndipo Aliga akachungulia dirishani. Hakuna aliyemwita. Akasema, "Fundi, hapa network iko muzuri sana. Kila usiku nasikia huyu anacheka na simu yake." Kisha akauliza kwa nini arusi yangu iko juu ya sufuria.

Sulaimani akainua sufuria. Simu yake ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe. Hakunikemea. Aliichukua tu picha ya arusi, akaifuta vumbi, akaisimamisha mezani. Hiyo adabu ndiyo iliyoniuma.

Jioni Viktoria ameuliza sufuria yake inafanya nini sebuleni. Nina hakika mke wa Aliga hajawahi kumwuliza mumewe swali kama hilo.

Ijumaa, 5 Septemba

Aliga amekuja na maneno ya kiungwana, tabia ambayo siipendi kwake. Habari amezipata kwa Viktoria. "Ndugu yangu, hii mukataba lete kwangu. Mimi nitalipa kila mwezi, wewe unakwenda Koboko na roho safi." Viktoria akapiga makofi. Akasema Mungu amejibu.

Mimi nikashikwa na kikohozi. Televisheni yake na intaneti yangu, nyumba moja! Atatazama mpira wa Ulaya, watu wamejaa mpaka barazani, na mimi niko Koboko naulizia matokeo kwa wapita njia. Nikamwambia asante sana, lakini nimeshamwahidi mtu mwingine. Viktoria akauliza ni nani. Nikasema hiyo ni siri ya biashara.

Aliga alipotoka, Viktoria amefunga mlango. Kisha amesema, akiona pesa ya kibanda imelipia wivu, atapanda lori na vitu vyake, na mimi nitafuata kwa miguu na mabango yangu.

Jumapili, 7 Septemba

Natafuta mrithi. Sharti langu ni moja: asifaidi. Nyumba hii ninayopanga, mwenye nyumba anaigeuza stoo ya simiti, kwa hiyo hakuna mpangaji mpya. Inabaki nyumba moja tu ambayo si ya Aliga, ya Mama Natalina, mjane.

Nimemfikiria wakati wote wa mahubiri. Simu yake ni ya tochi, haishiki intaneti. Televisheni hana. Pesa ya mwezi haitamshinda, maana binti yake Scovia ana hoteli Juba na humtumia. Ndiye hasa ninayemtafuta. Intaneti itakaa kwake kama mgeni aliyelala.

Baada ya misa nikamwendea, nikamwambia ni kitu kizuri kuwa nacho. Akauliza, "Inapika?" Nikasema hapana. "Inafukuza panya?" Nikasema ina taa ya kijani, huenda ikawatisha. Akafikiri. Kisha akauliza kama inaweza kumleta Scovia karibu. Nikasema, kwa namna fulani, ndiyo. Nilitaka tu kumaliza maneno. Yeye akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema atachukua.

Nilipotoka nilimkuta Aliga anapaka mlango wake rangi. Nikamwamkia kwa furaha ya kweli.

Jumanne, 9 Septemba

Tumekwenda kwa Sandra, Mama Natalina amevaa nguo yake ya Pasaka. Sahihi zimewekwa, jina langu limefutwa, faini hakuna. Viktoria amenichinjia kuku. Amesema kumbe nina roho nzuri, nimemkumbuka mjane kabla ya mwenye nacho. Sikumkatiza. Nimekula mapaja yote mawili.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya lori. Tulikuwa tunapakia kitanda nilipomwona Aliga anavuka ua amekumbatia televisheni kama anayebeba mgonjwa. Nikadhani ameiuza. Moyo ukachanua. Nikamwuliza kwa upole kama imeharibika.

Haijaharibika. Anaipeleka kwa Mama Natalina. Wamepatana: mama anatoa intaneti, yeye anatoa televisheni, na malipo ya mwezi wanagawana nusu kwa nusu. Mimi nililipa yote peke yangu, mwezi baada ya mwezi.

Tukaingia sote. Aliga akaiunganisha televisheni na intaneti, akapiga simu ya video, tukasubiri, na Scovia akatokea, uso umejaa ukuta, yuko Juba mlangoni pa hoteli yake. Mama Natalina alikuwa hajamwona binti yake tangu mazishi ya mumewe. Akasogea, akagusa shavu kwenye kioo, akasema, "Umekonda. Unakula?" Scovia akalia. Viktoria akalia. Dereva wa lori akavua kofia. Hata mimi nikajifuta jicho.

Kisha mama akageuka, akaushika mkono wa Aliga kwa mikono yake miwili. "Aliga, mwanangu, wewe iko mutu ya Mungu."

Aliga. Waya alileta nani? Ofisini alimpeleka nani? Aliga mwenyewe akaninyooshea kidole, akasema, "Mama, shukuru Dramadri." Mama akasema ndiyo, naye pia.

Naye pia. Nimeyasikia maneno hayo njia nzima mpaka Koboko.

Jumatatu, 15 Septemba

Nyumba ni nzuri. Kituo cha afya kimetuazima wakati nyumba yetu ya kudumu inakarabatiwa upande wa pili wa mji. Viktoria amekwenda kazini anaimba. Mimi nimeshapata bango la kwanza, la muuza mchele.

Asubuhi nilikaa mlangoni na chai yangu, nikajiambia kwamba mimi sasa ni mtu mpya, mashindano basi. Jirani akaja kusalimia. Anaitwa Yugu, baba yake alikuwa mwanajeshi, amesimama wima kama bado anakaguliwa. Akasema amekutana na Viktoria njiani, na amemkaribisha jioni kutazama mpira kwake. Na mumewe naye pia. Juu ya bati lake kuna antena nyeupe ya setilaiti, inang'aa.

Sikumaliza chai. Nimekwenda kwenye duka linalouza antena hizo, nikaomba iliyo kubwa kuliko zote. Mwenye duka, Tahiru, akasema hiyo ina mkataba wa miaka mitatu. Akaniuliza, "Nyumba iko yako?" Nikasema nitazikwa pale. Nimetia sahihi. Kesho wanakuja kuifunga, na nimesisitiza iwe juu kuliko ile ya Yugu.

Viktoria amerudi sasa hivi na habari: nyumba yetu ya kudumu itakuwa tayari kabla ya Krismasi. Nimemwomba asimwambie Yugu.