Mgongo wa Mama Mkwe na Shokapu Zangu

Jumatatu, 3 Machi
Aibu tupu. Mama mkwe ametangaza mbele ya ukoo mzima kwamba pikipiki yangu inamtikisa mtu hadi meno yanabadilishana nafasi. Mwanyumba wangu, aliyeoa dada wa mke wangu, akachekea ndani ya kikombe. Kisha mama akasema la maana: chumba chake cha mbele, kinachotazama barabara, atampa mkwe mmoja afungulie biashara. Ijumaa anakwenda kliniki. Kwenda atapanda yangu, kurudi ya mwanyumba. Mgongo wake ndio utakaoamua.

Chumba ni changu. Mwanyumba hajui tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwona fundi. Kasema shokapu za nyuma zina pete ya kukazia springi: abiria mzito, kaza; mwepesi, legeza; kidogo kidogo huku unajaribu. Porojo. Mafundi wote huficha siri ya kazi. Kitu laini ni kitu kilicholegea, hata mto wa kulalia unajua hivyo. Nimelegeza mpaka mwisho.

Nikampandisha mke wangu kwa majaribio. Kila shimo, tairi linakwangua madigadi. Akashuka njiani, akarudi kwa miguu. Hana utaalamu.

Jumatano, 5 Machi
Zamu ya shokapu za mbele. Nimemwaga oili yake, nikajaza ile nzito ya injini. Kitu kizito hutulia. Sasa mbele mbao, nyuma godoro. Jirani kauliza kwa nini pikipiki imekaa kama mbwa anayeomba mfupa.

Alhamisi, 6 Machi
Akili ni mali. Kama yangu imekataa kuwa laini, ya mwanyumba na iwe ngumu. Nimemtembelea mchana, nikamsifu mpaka akaona haya. Alipoingia kuoga, nikatoa spana. Nimekaza pete zote za shokapu zake mpaka mwisho. Nikanywa chai yake, nikaaga kwa adabu.

Ijumaa, 7 Machi
Tusidanganyane, mama mkwe ana uzito wake. Alipokaa, pikipiki ililala nyuma, taa ya mbele ikatazama mbingu. Tuta la kwanza lilimrusha. La pili alinishika masikio. Mlangoni mwa kliniki alishuka akijishika kiuno.

“Baba, nilitoka nyumbani naumwa mgongo,” akasema. “Sasa hata shingo inauliza kuna nini.”

Wakati wa kurudi nikawafuata kwa nyuma, nishuhudie msiba wa mwanyumba. Wakapita matuta yote kama wanaoteleza juu ya maji! Springi zilizokazwa zilikuwa zikiungoja uzito ule ule wa mama.

Uani mama alishuka akijinyoosha, akamgeukia mwanyumba. “Mkwe wangu, zamani ilikuwa inabonyea. Leo umeiweka sawa. Chumba chukua.”

Mwanyumba alishangaa kuliko wote, lakini ufunguo aliupokea upesi. Mimi nikaisukuma spana ndani zaidi ya mfuko.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Kosa ni la mama, alikaa nyuma mno. Lakini jambo moja limethibitika: aliyempa safari laini ni mimi. Kumbe nimezaliwa fundi.

Leo mke wangu kataja kwamba kitanda cha mama kinalia, springi zimelegea. Mama yuko sokoni mpaka jioni. Kumwambia mapema ni kumharibia furaha. Mlango wa chumbani kwake haufungwi, na spana ninayo mfukoni.