Wapwa Wangu wa Tanuri la Mbata

Jumatatu, 6 Mei 1957

Daktari wa Bagamoyo ameniambia moyo wangu umechoka. Nikamwuliza kama nitafika Idi Kubwa. Akatazama dirishani. Basi! Nimepita dukani nikanunua kalamu mpya. Mtu aliyesoma hafai kufa kimya. Nitaandika kila nitakalotenda, la kheri na la aibu, ili atakayenizika ajue anamzika nani.

Dada yangu Mize anasema si moyo, ni halua ya Idi. Mize ni mjane, hana mtoto, na kwangu hana huruma.

Nimerudi shambani Zinga, nikajilaza barazani nianze kutubu. Sikuwahi. Akaja Mwishehe, jirani yangu mwenye minazi upande wa Mapinga. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, na tangu huko hajaniletea habari njema hata moja. Leo anasema serikali imetoa sheria: Dar es Salaam hakuna tena kumlipa kibarua chini ya kiwango kilichowekwa. Anayekaidi anashitakiwa. Anasema itafika Zinga kabla masika hayajaisha. Alisema huku anatabasamu. Yeye shamba lake amelikodisha. Hana kibarua hata wa kumfukuza.

Mimi ninao watatu. Pazi, mkwezi. Muhidini, anayefua nazi. Mwinyimvua, anayezikausha kwenye tanuri ziwe mbata. Nawalipa shilingi chache, muhogo, na nazi zilizopasuka. Nikiwalipa kiwango cha Dar, tanuri litazimwa na mimi nitazikwa kwa sanda ya kuazima. Moyo ulikwenda mbio. Mize akaleta maji, akauliza nimekula nini tena.

Jumanne, 7 Mei

Usingizi haukuja. Wazo limekuja!

Sheria inamhusu kibarua. Ndugu si kibarua. Nani amewahi kushitakiwa kwa kutompa mpwa wake mshahara? Nimewaita wote watatu mbele ya tanuri. Nimewaambia kwamba kuanzia leo wao ni wapwa zangu, watoto wa dada yangu Mize. Akija mtu wa serikali, waniamkie mjomba na waonyeshe mapenzi.

Muhidini aliuliza kama Bi Mize ana habari. Nikasema mambo ya uzazi yana wakati wake. Mwinyimvua, ambaye kwa umri anaweza kuwa kaka yake Mize, aliuliza kama na yeye pia. Na yeye pia.

Pazi hakuuliza hayo. Pazi ni Mkwere. Aliuliza kama nina hakika. Akauliza tena. Akataka niseme kwa sauti, mbele ya wenzake, kwamba mimi ni mjomba wake. Nikasema. Akacheka mpaka akakaa chini. Nimeichukulia kuwa ni furaha ya kupata ukoo.

Alhamisi, 9 Mei

Jogoo wangu mwekundu hayupo!

Yupo. Nimemkuta chunguni, Pazi anakoroga. Nikapiga kelele za mwizi. Pazi hata hakuinuka. Akauliza mwizi gani tena. Tangu lini mpwa akaomba ruhusa kwa kuku wa mjomba wake? Nikasema nitamshitaki kwa jumbe. Akasema niende tu, ila nisichelewe, nyama inaiva.

Nimekwenda. Jumbe naye ni Mkwere, tena mzee. Alinisikiliza kwa heshima zote. Akasema kweli, kwao mpwa huchukua, na mjomba hana dawa ila kumtukana. Na mpwa naye ana haki ya kujibu. Halafu akauliza kama jogoo alikuwa mnono.

Nikarudi nikatukana. Nimesoma, najua kutukana. Nilimwita Pazi kima aliyenyimwa mkia kwa uvivu. Akajibu kwamba kichwa changu ni dafu lililotobolewa na panya: maji yalikwisha zamani, limebaki kupiga mluzi upepo ukivuma. Mwinyimvua alicheka akasahau kuni. Moto ukazimika. Mbata zote zitaota ukungu.

Mapaja ya jogoo walinibakizia. Sijui kwa nini naandika hilo.

Ijumaa, 10 Mei

Baada ya sala, msikitini Bagamoyo, Mwishehe alinipa hongera ya wapwa kwa sauti ya mwadhini. Akauliza kama walizaliwa na ndevu au ziliota njiani. Nikajibu kwamba ukoo wetu hukomaa mapema. Watu walicheka. Sikupata kujua walikuwa upande wa nani.

Lakini balaa lilikuwa nyumbani. Mize alikuwa arusini Mbegani, na huko wanawake wamempongeza kwa watoto watatu wa kiume. Amerudi. Akakaa mbele yangu bila hata kuvua viatu. Akauliza baba yao ni nani. Nikasema sijafika huko.

Kisha akasema alikaa na marehemu Mwinyijuma ujana wake wote, akanywa kila dawa, akameza kila neno la mawifi. Leo mimi, kaka yake, nimemzalisha asubuhi moja kabla ya chai! Nikashika kifua, kama tahadhari. Akaniambia nikiache kifua. Halafu akalia. Mize! Hakulia hata siku ya kumzika mumewe, alikuwa na kazi ya kugawa wali.

Akafuta macho kwa pindo la kanga, akaingia jikoni. Nikasikia kinu, nikasikia harufu ya bizari. Pilau! Alipotoka mlangoni aliita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wadogo: "Wanangu! Njooni mle."

Walikuja mbio. Mwinyimvua, na mvi zake zote, alimwita mama bila kusita, akaongezwa nyama. Mimi nilipewa uji, kwa ajili ya moyo.

Jumapili, 12 Mei

Mize amewanunulia wanawe kanzu. Fedha ni yangu. Muhidini ana mchumba, na inasemekana mahari ni juu ya mjomba. Wamefanya kikao cha ukoo ukumbini kwangu. Mimi nimeruhusiwa kusikiliza.

Nikawaamuru warudi kazini. Pazi akaniuliza, kwa upole mkubwa, kama namwamuru kibarua au mpwa. Mpwa, nikasema haraka haraka. Basi mpwa amechoka, akasema, akajinyoosha kwenye mkeka wangu.

Nimepiga hesabu ya jogoo, pilau, kanzu, mahari na mbata zilizooza. Kiwango cha Dar kingekuwa nafuu. Nikachana karatasi na kumpa mbuzi.

Jumanne, 14 Mei

AMEKUJA!

Lori la serikali lilisimama barabarani. Akashuka karani kijana, kaptula ya kaki, faili kwapani. Nikawapanga wapwa mstari mmoja. Hata hajamaliza salamu nikamwambia hapa hakuna kibarua, ni damu tupu. Wapwa wakatoa "Shikamoo mjomba!" kwa pamoja, kama watoto wa shule. Pazi akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Kisha Mize akatoka jikoni. Sikumwita. Akamweleza karani uchungu wa kila mmoja. Muhidini alitanguliza miguu. Mwinyimvua alikaa tumboni kupita kawaida, ndiyo maana anaonekana mkubwa. Pazi alizaliwa anacheka. Hilo hata mimi nilisadiki. Karani alibaki kinywa wazi. Mize alikuwa na machozi ya kweli.

Mwisho karani akasema yeye ameshuka kuomba maji. Injini imechemka.

Nikauliza, na ile sheria? Akasema kweli yeye ni wa ofisi ya kazi, lakini sheria ni ya mji wa Dar es Salaam peke yake. Hata Kunduchi haifiki. Huku naweza kulipa kwa makumbi ya nazi, hakuna wa kuniuliza.

Alhamdulillahi! Nilisimama bila mkongojo. Nilimpa karani madafu ya kunywa na mengine ya njiani. Lori halijaisha vumbi lake nikatangaza: upwa umekwisha, kila mtu ashike kazi yake, malipo ni yale yale ya zamani.

Pazi akavua kanzu, akaikunja vizuri, akampa Mize. Safari hii hakucheka. Akasema kama wao si wapwa basi ni vibarua, na amesikia kwa masikio yake kwamba upo mji ambao kibarua ana kiwango. Malori yanapita hapa kila siku.

Nikawatisha. Nikasema matajiri wa mjini wanatoa kiwango kwa mkono huu na wanakata posho kwa mkono ule. Wanapunguza watu, na wanaobaki wanafanya kazi ya wawili. Muhidini akasema anajua. Binamu yake ni mmoja wa waliopunguzwa, na mpaka leo anazunguka Kariakoo kutafuta kazi. Hata hivyo watakwenda kujaribu. Hapa kwangu, akasema, hakuna hata cha kupunguzwa.

Wanaondoka keshokutwa.

Jumatano, 15 Mei

Mize hanisemeshi. Amekaanga maandazi ya safari, kikapu kizima. Nilipoomba moja aliniambia ni ya watoto.

Nimeona heri nijitegemee. Nikaenda kwenye kifuo kufua nazi mwenyewe. Ni mti tu uliochongwa ncha na kusimikwa ardhini. Unapigilia nazi, unapinda, kumbi linatoka. Muhidini hufanya hivyo huku anaimba. Mimi nilipigilia, nikapinda, nikaanguka. Nazi ikabaki juu ya ncha, nzima, inanitazama.

Sikuweza kuinuka. Nililala juu ya makumbi nikitazama minazi. Nazi zimeiva, na hakuna wa kuziangua. Nikafikiri, nikifa hapa atanibeba nani? Mwishehe na pumu yake? Hapo niliogopa kweli. Hata daktari hakuniogopesha hivyo.

Pazi ndiye aliyeniokota. Akaniweka mgongoni kama gunia, akanifikisha kitandani, akanifunika. Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Nikamwita kima. Akasema, "Pole, Mzee Alawi," akatoka.

Mzee Alawi! Nilitamani aseme dafu.

Jioni Mize aliingia. Akasema theluthi ya shamba hili ni yake tangu alipofariki baba yetu. Haijagawiwa, na hajawahi kuidai. Sasa anaidai. Anataka upande wenye tanuri. Wanawe watafanya kazi huko, kwa kiwango cha Dar, mbata zikiuzwa. Na mimi, kwa minazi yangu, nichague: nilipe kama yeye, au niwe mjomba mpaka kufa.

Nikawaza mahari ya Muhidini. Nikawaza kuku waliobaki. Nikawaza makumbi mgongoni.

Nalipa! nikasema. Kiwango cha Dar! Waite wasikie!

Walikuwa mlangoni, wamesikia. Muhidini alipiga kigelegele kama mwanamke. Mwinyimvua akauliza kama bado anaweza kumwita Mize mama. Mize akasema ole wake asipomwita.

Alhamisi, 16 Mei

Lori lilipita asubuhi, halikusimamishwa na mtu. Maandazi tumekula sisi. Nimepata matatu.

Nimelala kama mtoto. Tanuri linawaka, Pazi yuko juu anaangua, na kuku wangu wote wametoka bandani na wamerudi. Hakuna aliyeniita mjomba kutwa nzima. Raha iliyoje!

Mwishehe alikuja kuniambia nina wazimu: mtu pekee upande huu anayetii sheria isiyomhusu. Lakini uso wake haukuwa na furaha. Wakwezi wa mpangaji wake wamepata habari na wanataka hivyo hivyo, na mpangaji anatishia kurudisha shamba. Nikamkaribisha chai. Nikamwongeza sukari.

Si kila mtu amefurahi. Mize amefuta posho. Anasema mwenye mshahara anajinunulia. Mwinyimvua ananung'unika kwamba muhogo aliokuwa akila bure sasa ananunua. Ananunua kwangu. Nimemwuzia kwa bei ya Dar es Salaam.

Jumamosi, 18 Mei

Leo nilitaka kumalizia kutubu. Nimelala chali, nimemsamehe Mwishehe nusu, na palepale nikaona jambo.

Kwenye theluthi ya Mize, kila anayefanya kazi analipwa kiwango. Kila anayefanya kazi! Mimi hukaa karibu na tanuri kutwa, natazama moshi, nakemea watu. Hiyo si kazi? Baada ya chai nimevaa kanzu safi, nimemwendea Mize, nimesimama mlangoni kama mgeni, nikaomba kazi ya ulinzi.

Akauliza nitalinda nini. Tanuri. Dhidi ya nani? Nikasema hilo ndilo la kulinda, mtu hajui. Mize alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema nianze Jumatatu, kwa kiwango, kama wengine. Ila nikisinzia, anakata.

Kazi nimepata! Kwa umri wangu!

Tatizo ni moja tu: nitasinzia. Lakini nimekwisha lipatia dawa. Yuko kijana wa Mapinga, mmoja wa wakwezi wa mpangaji wa Mwishehe, anatafuta kibarua. Nitamweka akae macho kwa niaba yangu. Nitampa shilingi chache, muhogo, na nazi zilizopasuka. Kinachobaki ni changu. Na kama Mize atauliza huyu ni kibarua wa nani, nitasema si kibarua, ni mkwe wangu. Mkwe! Mkwe ana haya, hachungulii jikoni kwa watu. Sijui kwa nini sikuanza na mkwe.

Moyo unapiga vizuri kabisa. Ya Rabi, kama ilikuwa unichukue mwezi huu, naomba uniache nifike siku ya mshahara.